Hukumu, Adhabu na Fidia: Tahakiki ya Maneno Matatu kwa Kuzingatia Kesi ya Kibua

Mwanaisimu hana mamlaka ya kuketi katika kiti cha hakimu. Hata hivyo, mahakamani neno humfunga mtu au humwachilia huru. Kwa hiyo ni halali kuuliza iwapo maneno yetu yanaitosha kazi hiyo. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno matatu kwa kesi inayojulikana sana katika Kivu Kaskazini.

Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji wa makundi yaliyoungana walivamia vijiji 13 vya njia ya Kibua–Mpofi, Walikale. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Hati ya kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi la NDC, ilitolewa mwaka 2011. Mwaka huohuo akagombea ubunge. Alijisalimisha kwa MONUSCO Julai 2017. Kesi ilifunguliwa Goma Novemba 2018, mbele ya Mahakama ya Kijeshi ya Operesheni, na tarehe 23 Novemba 2020 akapewa kifungo cha maisha.

Tuanze na hukumu. Tusemapo "amehukumiwa", tunachanganya hatua tatu: kusikilizwa, kuonekana na hatia, na kupangiwa adhabu. Matokeo yake ni kwamba aliyekamatwa jana huitwa mhalifu leo, ilhali kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006 kinamhesabu hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itamke vingine. Si kwamba lugha ni maskini: tunaye mtuhumiwa, tunaye mshtakiwa, tunaye mwenye hatia. Tulichopungukiwa ni uangalifu. Tena kifungu cha 18 kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Msamiati sahihi, basi, ni sehemu ya haki yenyewe wala si pambo lake.

Neno adhabu limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya mateso. Ndiyo maana sikio letu husikia kwanza nadharia ya malipizi: aliyeumiza naye aumie. Nadharia ya pili, ya kuzuia, ilitetewa na Beccaria mwaka 1764. Alishikilia kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika na wepesi wa adhabu kuliko ukali wake. Kwa kipimo hicho, miaka kumi kutoka Kibua hadi hukumu ni kasoro kubwa, maana katikati yake mtafutwa aliomba kura hadharani. Nadharia ya tatu, ya kumrekebisha mkosaji, imo tayari katika Kiswahili: mzazi humrudi mtoto, yaani humwadibu ili arejee njiani. Lakini ni vigumu kuona kifungo cha maisha kinamrejesha mtu wapi.

Fidia hapo kale ilikuwa malipo ya kumkomboa mtu. Sheria ya Kongo humruhusu aliyedhurika kudai fidia ndani ya kesi ileile ya jinai. Neno hili pekee kati ya matatu ndilo linalomtazama aliyeumizwa. Mengine mawili yanamtazama mkosaji. Kifungo hakimtibu mama wa Luvungi, wala hakimlipii mwanawe karo.

Huenda msomaji akasema kwamba watu wa Kibua walihitaji mahakama, si istilahi. Ni kweli, na kupatikana kwa hukumu hiyo si jambo dogo. Lakini sheria ya kijeshi haitoi nafasi ya rufaa dhidi ya maamuzi ya mahakama ya operesheni, ilhali vifungu vya 21 na 61 vya Katiba vinailinda haki hiyo. Kumtetea mshtakiwa apate rufaa si kuwadharau walioumizwa. Hukumu iliyopimwa mara mbili huwa ngumu zaidi kubomolewa, na hilo ni faida yao kabla ya kuwa faida yake.

Kwa hiyo hatuna budi kuwafundisha wakalimani, waandishi wa habari na wanafunzi wetu kutenganisha mshtakiwa na mkosaji, adhabu na kisasi, kifungo na fidia. Lugha inayoyachanganya haya humdhulumu mshtakiwa kabla ya hukumu, na humsahau aliyeumizwa baada yake.