Steven Kanumba na Kiswahili cha Mwambao wa Rumonge: Uhakiki wa Lugha ya Mwigizaji

Wahakiki wengi wanapomtaja Steven Kanumba huanzia kwenye kifo chake cha tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28. Kifo kile kimekula nafasi ya kazi yake. Makala haya yanaitazama kazi hiyo kutoka Rumonge na Gatete, mwambao wa Burundi ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya mwalo.

Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Aliingia kwenye runinga kupitia kundi la Kaole, ambalo tamthilia zake, Jahazi na Dira zikiwamo, zilirushwa na ITV. Tamthilia hizo zilitegemea mazungumzo kuliko mandhari, na naona ndiyo asili ya uigizaji wake wa kutulia, kunyamaza, kisha kujibu kwa sentensi fupi. Baadaye alishirikiana na waigizaji wa Nigeria, tangu Dar 2 Lagos (2006) hadi Devil Kingdom (2011) aliyoigiza na Ramsey Nouah. Hapo ndipo lawama ya kuiga ilipoanzia.

Lawama hiyo ina ukweli wake. Hadithi zilinyoshwa ziwe sehemu mbili ili ziuzwe diski mbili, na mwanamke mara nyingi alisawiriwa kama mtego. Lakini wahakiki walioudhika na majina kama Oprah (2008) na Uncle JJ (2010) waliishia kusoma jalada. Ndani ya filamu hizo wahusika wanazungumza Kiswahili cha mjini, cha bara, kisichojionea aibu kwa kutokuwa cha Unguja.

Jambo hili ni zito kwa mwambao wa Burundi. Wakimbizi wa 1972 waliishi kwa miongo Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baadhi ya waliorejea walifikia Rumonge na watoto waliosomeshwa kwa Kiswahili, wakakuta shule za Kirundi na Kifaransa na ardhi yenye migogoro. Katika mazingira hayo, namna mtu anavyozungumza huweza kumtambulisha kuwa mgeni kwao. Filamu za Bongo, zilizovuka mpaka bila msaada wa wizara yoyote, ziliipa lafudhi hiyohiyo sura ya daktari, tajiri na mpenzi. (Sijui ni kitabu gani cha kiada kilichowahi kufanya hivyo.)

Sheria ya lugha ya Burundi ya mwaka 2014 ilitambua Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi; Kiswahili hakikupewa hadhi hiyo, ingawa kinafundishwa shuleni. Mshauri wa sera anayepima nguvu ya Kiswahili kwa idadi ya walimu na vitabu pekee ataikosa hadhira hii. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingeanza kwa kuwahoji wauza diski na wenye vibanda vya video wa mwambao, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, kabla diski hizo hazijatupwa.