Trinitron ndogo: tuisifu kwa sababu gani?

Wandugu, wengi wanasifu televizio za zamani sababu ya ukumbusho tu. Mimi naona hiyo ni kuzidharau.

Tuchukue Trinitron ya Sony, ile ndogo ya kubeba, iliyotokea Japani mwaka 1968. Nyingi za wakati ule zilikuwa na mizinga mitatu ya elektroni. Yenyewe iko na mmoja wenye miali mitatu, na nyuma ya kioo kuna nyuzi za wima pahali pa bati lenye matundu. Mwangaza mwingi unapita, rangi inatoka kweli. Kasoro iko: kwenye picha nyeupe utaona kamstari keusi kamelala. Ni kivuli cha waya unaotuliza zile nyuzi.

Lakini ubora mkubwa uko ndani. Kuran ya Kisangani inapanda, inashuka. Kondansateri ikiharibika, fundi anafungua, anabadilisha, picha inarudi. Skrini bapa ya leo ikipasuka, ni kutupa. Ila bomba lake linabaki na maelfu ya volti hata kisha kuchomoa. Kama haukufunzwa, usiguse.

Kifaa kizuri ni kile kinachokubali kutengenezwa. Basi tuache kucheka mafundi wetu. Twende tujifunze kwao.