Mla Asali wa Chekhov

Igizo fupi la Chekhov la mwaka 1888 linaitwa Medved. Kwa Kiswahili tutasema Dubu, halafu iweje? Kwetu dubu ni mnyama wa vitabu vya watoto, hamtishi mtu.

Hebu tulifungue neno lenyewe. Med ni asali, ed ni kula: mla asali. Wataalamu wengi wa lugha wanaona kwamba Waslavi wa kale waliogopa kumtaja mnyama huyu kwa jina lake, asije akasikia akatokea, wakampa jina la kuzungukazunguka. Lile la asili likapotea kabisa kwao. Wagiriki walibaki nalo, arktos. Sisi pia tulikatazwa kumtaja nyoka usiku, tukamwita kamba, lakini kukicha alikuwa nyoka tena.

Sasa rudi kwenye igizo. Smirnov anamwendea mjane Popova kudai ruble 1,200 za shayiri aliyokopa marehemu mumewe. Anapayuka, anavunja viti, na mjane anamwita dubu, yaani mshamba asiye na adabu. Nusura wapigane kwa bastola. Mwishoni wanabusiana. Mla asali kweli! Mcheko huo wote umo ndani ya jina, na “dubu” yetu inaumwaga.

Mimi ningethubutu kuandika Nyegere. Anapenda asali, ni mkorofi, haogopi yeyote. Kasoro ni moja tu: nyegere hajawahi kutishia watu hadi wakamficha jina.