Fundi Anayehesabu Mipigo

Kuna ugonjwa mmoja wa pampu ya mkono unaojulikana zaidi na wanaoamka mapema. Mchana, watu wakipokezana mpini, maji yanatoka bila tabu. Alfajiri, mama wa kwanza kufika anapiga, anapiga, mpini mwepesi na ndoo kavu, mpaka baadaye sana ndipo maji yanaibuka. Kisanga, upande wa Mikumi wilayani Kilosa, au popote panapotegemewa kisima cha pampu, ugonjwa huu ndio unaomtenga fundi na mfungua nati.

Namheshimu fundi ambaye akifika hakimbilii spana. Anauliza: “Shikamoo mama. Asubuhi mnapiga mara ngapi ndipo yaje?” Kisha anapiga mwenyewe mpaka maji yatoke, anaacha, anakaa kivulini nusu saa. Akirudi anahesabu. Kwa pampu ya Afridev, mipigo isiyozidi 5 si neno. Ikizidi, maji yanarudi chini: ama vali ya chini haifungi, ama bomba lililo kisimani limepasuka mahali.

Ni ipi kati ya hizo? Vali ikivuja, maji hushuka mpaka usawa wa maji ya kisima. Kadiri pampu inavyolala, ndivyo mipigo inavyoongezeka. Bomba likipasuka, maji hushuka mpaka kwenye ufa, yanakomea hapo. Basi fundi analinganisha hesabu ya nusu saa na hesabu ya usiku kucha. Zikiwa sawa, na maji ya kisima anajua yako mbali zaidi ya hapo, anashuku ufa. Tena anajua uko wapi: mpigo kamili hupandisha maji kama shubiri moja, kwa hiyo mipigo 50 ni karibu mita 10 chini. Hajafungua hata nati moja.

Afridev iliundwa miaka ya 1980 huko Malawi na Kenya, wakati UNDP na Benki ya Dunia wakitafuta pampu ambayo wanakijiji wangeitengeneza wenyewe. Ndiyo sababu nati zake hufunguliwa kwa spana moja, na vali ya chini huvuliwa kwa kupitia ndani ya bomba, bomba lenyewe likibaki kisimani. Kwa hiyo vali si kazi ya kutisha: rodi zinatolewa moja baada ya nyingine, vali inavuliwa, raba iliyoliwa na mchanga inabadilishwa, na jioni watu wanateka.

Ufa ni habari nyingine. Bomba zima la plastiki, lililoungwa kwa gundi, lazima litoke juu likipinda hewani huku watu kadhaa wamelishikilia, likatwe, liungwe upya, gundi iachwe ikauke. Anayeling'oa kwa kubahatisha, kumbe tatizo lilikuwa raba, huenda akavunja viungo vilivyokuwa vizima.