Upande wa Ndani

Mtu akienda Mayfair, London, kutembelea maduka, kwanza atanaswa na Bond Street. Kule yanauzwa majina. Mkoba mmoja umewekwa peke yake dirishani, bei haionekani, na mlinzi wa mlangoni, suti imemkaa sawasawa, anakupima kwa macho kabla hujagusa kitasa. Ukikatiza Burlington Arcade, uchochoro wa maduka wenye paa la vioo uliofunguliwa mwaka 1819, ambao walinzi wake bado wanakataza watu kupiga mbinja, unatokea karibu na Savile Row. Mtaa mfupi, hauna mbwembwe. Ningeupita hivi hivi lau si madirisha ya chini.

Maana mafundi wako chini ya ardhi. Ukiinama kidogo kwenye vyuma vya ukingo wa njia unawaona, vichwa vyao vikiwa usawa wa viatu vya wapita njia, hawainui macho. Niliyemtazama alikuwa na koti lisilo na mikono bado, limejaa bandi za uzi mweupe. Alikuwa kwenye lapeli, ule ukunjo wa kifuani chini ya kola. Kifua cha koti la mtaa huu hutiwa kanvasi yenye singa za farasi, nayo haigandishwi kwa gundi; hushikishwa kwa sindano. Fundi aliikunja lapeli juu ya kidole cha shahada, akawa anashona ikiwa imekunjwa vile vile, mishono midogo ya mshazari, safu kwa safu, sindano ikidokoa kitambaa cha nje kiasi cha uzi mmoja tu ili upande wa pili pasionekane kitu. Alipoiachia, lapeli haikulala bapa. Ilibaki na mviringo wake, imeshafundishwa pa kukunjikia. Kisha yote hayo hufunikwa. Mwenye koti atalivaa hadi uzeeni asiione kazi aliyoilipia zaidi kuliko zote.

Suti moja hapa hula saa 50 za mikono, na nyingine hupita hapo. Henry Poole alifungua mlango upande wa mtaa huu mwaka 1846, na nyumba yake ingali inashona. Vipimo vya mteja hukatwa kwenye karatasi ya kaki, karatasi zikatundikwa na jina lake, zikimngoja arudi amenenepa. Wageni nao wamepata nafasi: Ozwald Boateng, mtoto wa wazazi wa Kighana, alifungua duka mwisho wa mtaa mwaka 1995 na kuwavalisha Waingereza rangi walizokuwa wakiziogopa. Lakini kodi za Mayfair hazimjui fundi. Mwaka 2012 wapenzi wa suti za mtaa huu walitoka na mabango barabarani kulipinga duka kubwa la nguo za Kimarekani lililotaka jengo namba 3, lile lile ambalo bendi ya Beatles ilipiga muziki juu ya paa lake mwaka 1969. Duka likafunguliwa.

Kilichonigusa zaidi ni akiba. Ndani ya mishono ya mgongo na ubavu huachwa kitambaa cha ziada, kimekunjwa na kulazwa vizuri, ili koti liweze kufumuliwa na kupanuliwa miaka ijayo. Mama yangu angelielewa koti hilo mara moja. Fundi wetu wa barazani alipomletea sare za shule au magauni ya Idd, hakuyatazama kwanza kwa nje. Aliyageuza, akavuta mshono kwa vidole gumba viwili, akapima akiba kwa upana wa kidole. Ikiwa ndogo alisema, "Fundi, mtoto huyu hakui?" na nguo ikarudi kwenye cherehani. Fundi hakununa. Alijua ana mteja anayejua kazi, na nadhani ndiyo sababu mishono yake ilikuwa misafi hata pale ambapo jicho halifiki.

Wateja wa namna hiyo wamekwisha, nasi ndio tuliowamaliza. Tunanunua suti zilizogandishwa kwa gundi. Zikifuliwa mara chache kifua kinatoka mapovu, tunamlaumu dobi. Sokoni Karume, Dar es Salaam, kwenye mitumba, koti lililoshonwa kwa mkono Uingereza huja limebanwa katikati ya mengine, na mtu huligeuza kwa haja moja tu: kusoma lebo. Lebo isipokuwa na jina la kutambia, linarudi kwenye lundo. Likipata mnunuzi hupelekwa kwa fundi wa pembeni ili libane mwili, kama vijana wapendavyo, na fundi, ambaye hana muda wala hakuombwa kuwa nao, anapitisha mkasi kwenye akiba yote ya ubavuni na kuisukumia chini ya meza pamoja na vitambaa vya kufutia mashine.