Siti Iliyoshushwa Huficha Fremu Ndefu

Baiskeli ninayoichambua ni ya milimani, ya chuma, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, tairi namba 26, haina shokapu. Ilikuja na mzigo wa mtumba kutoka Dar es Salaam, ikauzwa Morogoro kwa muuguzi mmoja anayepanda nayo kila siku kuelekea Bigwa. Haukupita muda magoti yakaanza kumuuma kwa mbele na viganja vikawa vinakufa ganzi. Aliambiwa baiskeli za gia ndivyo zilivyo, atazoea. Si kweli. Baiskeli iliyomkaa mtu vizuri haimuumizi goti kwa mwendo wa kwenda kazini na kurudi, na hakuna sababu ya mtu kuvumilia maumivu yanayoondolewa kwa spana.

Vijiweni kipimo ni kimoja: panda uone kama miguu inagusa chini. Ikigusa, biashara imekwisha. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinaonyesha umbali wa siti na ardhi, wakati mguu unafanya kazi kwenye pedeli. Kinachotakiwa kupimwa ni umbali kati ya siti na pedeli ikiwa chini kabisa, na baada ya hapo umbali kati ya siti na usukani. Namba 26 inayotajwa na wauzaji nayo haisaidii hapa. Hiyo ni tairi tu, na fremu ndogo na fremu kubwa zote zinaweza kuvaa tairi hiyohiyo.

Tulianza na mguu. Unasimama bila viatu, mgongo ukutani, unabana daftari gumu kati ya miguu hadi liguse msamba, mwenzako anapima kutoka ukingo wa juu wa daftari hadi sakafuni. Muuguzi alipata sentimita 78. Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3, ndiye aliyeeneza hesabu ya kuzidisha urefu huo kwa 0.883. Jibu ni umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya siti, ukifuata bomba la fremu linalobeba siti. Kwa huyu dada ni karibu 69. Hamley na Thomas, katika utafiti wao wa mwaka 1967, walifikia asilimia 109 ya urefu wa mguu, ila wao wanapima kutoka kwenye pedeli. Ukitoa krenki ya sentimita 17 unabaki na 68. Njia mbili tofauti zimepishana sentimita moja tu. Kwa barabara ya vumbi yenye mashimo nachagua ile ya chini, kwa sababu anayepita kwenye mashimo anahitaji nafasi ya kunyanyuka kidogo.

Siti yake ilikuwa kwenye 56. Imepungua sentimita 12! Goti lililokunjwa kiasi hicho linasukuma pedeli likiwa bado limebanwa, na mzigo wote unaelemea mbele ya goti. Maumivu yalikuwa na anwani.

Kwa nini ilikuwa chini hivyo? Tulipochomoa nguzo ya siti jibu likaonekana. Nguzo ilikuwa fupi, na ilikuwa imezungushiwa bati la kopo la soda. Karibu na alama ya mwisho wa kuchomolea palikuwa na namba iliyogongwa: 26.4. Vernia ikaonyesha tundu la fremu ni 26.8. Tofauti ya milimita 0.4 ni milimita 0.2 kila upande, na bati la soda lina unene wa karibu 0.1, ndiyo maana lilizungushwa mara mbili. Aliyefanya hivyo alikuwa na akili, lakini bati linateleza, siti inazama kidogokidogo njiani, na tundu la fremu linatanuka. Nguzo za baiskeli hizi zinapishana kwa milimita 0.2 tu: 26.4, 26.6, 26.8, 27.0, 27.2. Ya 26.8 yenye urefu wa sentimita 30 ilipatikana kwenye sanduku la vyuma chakavu la fundi mmoja. Ikapakwa grisi kabla ya kuchomekwa, maana nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma ikikaa kavu hugandana nayo hadi isitoke tena.

Siti ikapanda hadi 68. Fundi akashtuka: "Dada, hapo ukisimama utaanguka." Hofu yake ina msingi kwa mtu aliyezoea kusimama akiwa bado amekaa. Anachopaswa kujifunza ni kuteleza mbele ya siti na kusimama juu ya bomba la juu. Hapo ndipo ardhi ina maana: kati ya msamba na bomba pawe na sentimita 5 hadi 10. Fremu hii ya inchi 17 ilimpa nafasi hiyo bila shida.

Sasa ndipo kasoro ya pili ilipojitokeza, na wengi huishia hapa wakidhani wameharibu. Bomba linalobeba siti halijasimama wima, limelala nyuma, pembe yake na ardhi ni nyuzi kama 73. Ukipandisha siti sentimita 12, inarudi nyuma karibu 3.5. Usukani uliokuwa unafikika kwa taabu sasa uko mbali zaidi, tena uko chini ya siti. Siti iliyoshushwa ilikuwa imeficha urefu wa fremu muda wote huo.

Fundi alitaka kusukuma siti mbele kwenye reli zake. Tulishusha timazi, uzi wenye nati, kutoka chini ya kifupa cha goti krenki ikiwa imelala. Ukaangukia karibu kabisa na ekseli ya pedeli. Keith Bontrager, mtengenezaji wa baiskeli wa Marekani, ameandika akipinga kipimo hiki kuchukuliwa kama sheria, na namuunga mkono. Hata hivyo kinatosha kuonyesha kwamba siti iko mahali pake. Ukiisogeza mbele ili kuufikia usukani unarudisha mzigo gotini na kwenye viganja.

Kinachobadilishwa ni shingo ya usukani. Yake ilikuwa na sentimita 13, kwa sababu waendesha baiskeli za milimani wa wakati ule walijinyoosha kama wa mbio za barabarani. Tukaweka ya 9, iliyoinuka. Zile 3.5 zilizoongezeka zikafutika, na usukani ukakaribia usawa wa siti. Kazi hii inachosha: shingo za zamani zina boliti moja, hivyo mipira ya usukani, breki na gia zote za upande mmoja hutolewa ndipo usukani upite. Vilevile waya wa breki ya mbele ulikuwa unapita ndani ya shingo ya zamani. Shingo mpya haina tundu hilo, ikabidi kufungwa kibati cha kushikilia waya juu ya beringi za usukani. Asiyeliangalia hili ataondoka na breki iliyobana au isiyoshika kabisa. Na kwa kuwa shingo fupi hufanya usukani uwe mwepesi mno, ule mfupi wa sentimita 58 ulibadilishwa na wa 66.

Hesabu hii inabadilika kwa baiskeli mpya zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Gary Fisher alianza kurefusha fremu na kufupisha shingo, na wengine wakafuata. Leo baiskeli nyingi za milimani huja na shingo ya sentimita 4 au 5. Ukikuta ya aina hiyo ni ndefu kwako, hakuna cha kupunguza, iache. Ya zamani yenye shingo ya 13 bado ina nafasi ya kurekebishwa. Kwa hiyo nenda sokoni na tepu, na upime kwa mlalo kutoka katikati ya bomba la usukani hadi kwenye nguzo ya siti, ulinganishe na baiskeli ambayo tayari unaijua mwilini.

Maumivu ya mbele ya goti la muuguzi huyu yametulia. Wiki za kwanza alisikia mvuto nyuma ya goti, dalili kwamba siti imezidi kidogo. Tuliishusha milimita 5, tukaweka alama kwa rangi ya kucha kwenye nguzo.