Serikali ya Wafanyakazi Mbele ya Wenye Benki: Uingereza, 1929–1931

Mjadala wa mwaka 1931 katika historia ya Uingereza ukianza, jibu la haraka hujulikana: MacDonald aliwasaliti wafanyakazi. Jibu hilo lina ukweli, na hatuna haja ya kumtetea mtu huyo. Lakini kwa kada anayetaka kuelewa, si kulaani tu, neno "usaliti" halitoshi. Msaliti mmoja aweza kufungua lango usiku. Hatuelezi chochote kwa kumlaani yeye peke yake ikiwa baraza zima la walinzi lilikuwa limekwisha kukubali mchana kweupe kwamba funguo ni mali ya adui.

Chama cha Labour kilishika serikali mwezi Juni 1929 kikiwa na wabunge 287. Conservative walikuwa 260 na Liberal 59. Labour basi ilitawala bila wingi wa kura Bungeni, jambo tutakalolirudia. Wakati huo wasio na kazi walikuwa wamezidi kidogo milioni 1. Mwezi Oktoba soko la hisa la New York likaanguka, biashara ya dunia ikasinyaa, na kufikia mwisho wa 1930 wasio na kazi Uingereza walikuwa kama milioni 2.5. Migodi ya makaa ya mawe ya Wales ya Kusini, viwanda vya nguo vya Lancashire, na viwanja vya kuundia meli vya Tyne na Clyde vilikuwa vimelegea tangu kabla ya hapo. Sasa mingine ilifungwa kabisa.

Hapa lazima tueleze suala la dhahabu, kwani asiyelielewa atasoma habari za mwaka 1931 kama hadithi ya ugomvi wa viongozi. Mwaka 1925 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Fedha katika serikali ya Conservative, aliirudisha paundi kwenye dhahabu kwa thamani yake ya kabla ya Vita Kuu, yaani dola 4.86 kwa paundi moja. Thamani hiyo ilikuwa kubwa mno. Bidhaa za Uingereza zikawa ghali ng'ambo. Maadamu paundi haikuruhusiwa kushuka, kilichobaki kushushwa ni gharama, na gharama iliyo rahisi kushushwa na bepari ni mshahara wa mfanyakazi. Wenye migodi walipotaka kuwakata wachimbaji mishahara, ukazuka Mgomo Mkuu wa Mei 1926. Nani alinufaika na paundi nzito? Mwenye kukopesha, mwenye hati za deni, nyumba za fedha za London zilizotaka dunia nzima iendelee kuweka amana kwao. Dhahabu ilikuwa jambo la kitabaka lililovaa kanzu ya utaalamu.

Labour ilirithi mfumo huo. Waliotarajia kwamba itauhoji walikata tamaa mapema, kwa sababu mlinzi wake mkali kuliko wote alikuwa Waziri wa Fedha wa Labour mwenyewe, Philip Snowden. Mtu huyu alikuwa mtoto wa wafumaji wa nguo wa Yorkshire. MacDonald alizaliwa Lossiemouth, Uskochi, na mama mtumishi wa shambani. J. H. Thomas, aliyekabidhiwa tatizo la ukosefu wa kazi, alikuwa dereva wa garimoshi na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli. Margaret Bondfield, Waziri wa Kazi na mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la nchi hiyo, alianza maisha akiuza dukani. Ukitafuta serikali yenye asili safi ya kitabaka, hii hapa. Hata hivyo juu ya fedha walifikiri kama wenye benki. Snowden aliamini ujamaa kwa siku za usoni na uchumi wa Gladstone kwa siku ya leo, na kati ya siku hizo mbili hakuweka daraja lolote. Mabepari wakistawi, kutakuwa na ziada ya kuwagawia maskini. Mabepari wakianguka, basi na tusubiri wasimame. Huo ndio ulikuwa mwongozo, ingawa haukuandikwa popote kwa uwazi namna hii.

Si kweli kwamba hapakuwa na mawazo mengine. Mwanzoni mwa 1930 Oswald Mosley, waziri mdogo, alipeleka waraka uliodai kazi za umma kwa mikopo, pensheni bora ili wazee waache kazi, na usimamizi wa dola juu ya biashara ya nje na mikopo. Ukakataliwa, naye akajiuzulu mwezi Mei. Mwaka 1932 mtu huyo aliunda chama cha kifashisti, na wengi wamelifanya hilo kuwa kisingizio cha kutousoma waraka wake. Lakini Snowden hakuukataa kwa kuona ufashisti mbele. Aliukataa kwa kuwa ungegharimu fedha. Ernest Bevin naye, kiongozi wa wafanyakazi wa uchukuzi, alikaa pamoja na mchumi Keynes katika Kamati ya Macmillan iliyochunguza mambo ya fedha, akaanza kuitilia shaka dhahabu yenyewe. Mawazo yalikuwapo. Hayakuwa na mlango wa kuingilia kwenye Baraza la Mawaziri.

Mwezi Mei 1931 benki ya Creditanstalt ya Vienna ilianguka. Mwezi Julai benki za Ujerumani zikafunga milango, na fedha za London zilizokuwa huko zikanaswa. Katika hali hiyo, tarehe 31 Julai, ilitolewa ripoti ya kamati ya Sir George May, aliyetoka katika kampuni kubwa ya bima. Ilitabiri nakisi ya paundi milioni 120 na kudai matumizi yapunguzwe kwa paundi milioni 96, nyingi zikiwa posho ya wasio na kazi. Wanafunzi wa uchumi waitazame takwimu hiyo kwa makini. Ndani ya nakisi zilihesabiwa takriban paundi milioni 50 za kupunguza deni la taifa, na mikopo ya mfuko wa bima ya wasio na kazi ikahesabiwa kana kwamba ni matumizi ya kawaida. Kwa hesabu ya namna nyingine nakisi ingekuwa ndogo zaidi. Takwimu ilikuwa sahihi kwa kujumlisha na potofu kwa kuchagua cha kujumlisha. Serikali iliichapisha bila maelezo na kwenda likizo. Wenye fedha wa nje wakaisoma, wakaanza kutoa dhahabu yao.

Mwezi Agosti Benki ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya wenye hisa binafsi, iliwaambia mawaziri kwamba mkopo mpya wa New York ungepatikana ikiwa tu matumizi yangekatwa kwa namna ya kuwaridhisha wakopeshaji. Tarehe 20 Bevin na Walter Citrine, kwa niaba ya vyama vya wafanyakazi, walikataa. Tarehe 23 Baraza la Mawaziri lilipiga kura kuhusu kukata posho kwa asilimia 10: 11 wakakubali, 9 wakakataa. Kesho yake MacDonald aliibuka kutoka kwa Mfalme akiwa Waziri Mkuu wa Serikali ya Kitaifa pamoja na Conservative na Liberal. Posho ya mwanamume asiye na kazi ikashushwa kutoka shilingi 17 kwa wiki hadi shilingi 15 na peni 3.

Kejeli ya historia ni kwamba dhabihu hiyo haikununua kitu. Mabaharia wa vyeo vya chini waliotakiwa kushuka kutoka shilingi 4 kwa siku hadi 3 waligoma kung'oa nanga huko Invergordon katikati ya Septemba. Wenye fedha wakaingiwa na hofu upya, na tarehe 21 Septemba serikali iliyoundwa kuiokoa dhahabu ikaiacha. Mbingu hazikuanguka. Paundi ilishuka, riba ya Benki ikateremshwa hadi asilimia 2 katikati ya 1932, na nyumba nyingi zikajengwa kwa mikopo nafuu. Lililokuwa mwiko mwezi Agosti likawa busara mwezi Oktoba, lakini posho haikurudishwa, na kuanzia Novemba wapimaji wa uwezo waliingia majumbani kuhesabu kipato cha kila mwana familia.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwa paundi na Bodi ya Sarafu iliyokaa London, hivyo ilishuka nayo bila mtu wa huku kuulizwa. Waziri wa Makoloni tangu 1929 hadi serikali ilipoanguka alikuwa Sidney Webb, aliyepewa jina la Lord Passfield, yule yule aliyeshiriki kuandika katiba ya Labour ya 1918 iliyodai umiliki wa pamoja wa njia za uzalishaji. Mkulima wa Tanganyika alihimizwa kulima mazao zaidi huku bei zikianguka, ili kodi ilipwe.

Wapo wanaotetea: Labour haikuwa na wingi Bungeni, ingefanya nini? Hoja hii ina uzito, lakini haijibu swali. Serikali isiyo na wingi yaweza kushindwa ikiwa imesimama juu ya mpango wake, nao wananchi wakauona. Na tutazame Sweden. Mwaka 1932 Per Albin Hansson aliunda serikali ya Social Democrats, nayo pia bila wingi. Mwaka 1933 alipatana na chama cha wakulima: wafanyakazi wakubali ulinzi wa bei za mazao, wakulima wakubali kazi za umma zenye mshahara wa kawaida. Ernst Wigforss, Waziri wa Fedha, alikuwa amekwisha kuitetea nadharia ya mpango huo kabla ya kushika hazina. Ni kweli kwamba Sweden ilikuwa imeacha dhahabu Septemba 1931, hivyo kamba ilikwisha kulegezwa. Lakini tofauti kubwa ilikuwa maandalizi.

Basi turudi kwa wale 9 waliokataa, ambao vitabu vingi vya chama chao huwaweka upande wa mashujaa. Kabla ya kura ile walikuwa wamekubali pamoja na wenzao makato ya kama paundi milioni 56. Walisimama kwenye posho, na kusimama huko kulikuwa na heshima. Lakini dhahabu hawakuigusa, wala hawakudai Benki iwekwe chini ya dola. Katika uchaguzi wa Oktoba 1931 wabunge wa Labour walibaki 52, ingawa zaidi ya watu milioni 6 waliwapigia kura. Mkutano wa chama huko Leicester mwaka 1932 uliamua kwamba Benki ya Uingereza itaifishwe. Ilitaifishwa tarehe 1 Machi 1946. MacDonald na Snowden walikuwa wamefariki wote wawili mwaka 1937.